NASABA ISIYO NA MWISHO

Masomo: 1 Timotheo 1:3–7, Yohana 20:11–18

Aliye na Biblia karibu na aifungue katika Waraka wa Kwanza wa Mtume Paulo kwa Timotheo, sura ya kwanza, kuanzia kifungu cha tatu.

Timotheo alikuwa ameachwa Efeso kulitunza kanisa changa, naye Paulo amwandikia kama baba amwandikiavyo mwana. Amwambia awaonye watu fulani waliokuwa wakimaliza siku zao katika hadithi na orodha za vizazi zisizofika mwisho. Paulo asema kwamba mambo hayo huzaa swali juu ya swali, lakini hayamjengi mtu katika imani wala katika upendo.

Labda mmoja wenu atauliza, "Hayo yanihusu nini? Mimi sikai Efeso." Ngoja kidogo, ndugu. Mazungumzo yetu leo ni juu ya majina yetu, na juu ya tamaa ya kuyafuata majina hayo nyuma, kutoka baba hadi babu, na kutoka babu hadi babu wa babu, mpaka mtu asahau kwamba saa ya kulala imepita.

Kwanza tuseme wazi kwamba kujua ulikotoka si dhambi. Wazee wetu walifundisha vizazi kando ya moto. Kijana hakuoa kabla ya kuulizwa ukoo wake na ukoo wa mama yake, ili asije akamwoa dada yake bila kujua. Biblia nayo imejaa orodha za vizazi. Mathayo afungua Injili yake kwa orodha ya namna hiyo, na Luka ana yake katika sura ya tatu. Mungu hadharau majina ya watu. Lakini chakula kizuri nacho humdhuru mtu asiyejua kuacha kula.

Tulimjua mzee mmoja, mwalimu mstaafu, mtu mwenye heshima katika kanisa lake. Alipostaafu alianza kuandika habari za jamaa yake katika daftari moja. Jambo jema. Daftari likawa mawili, yakawa matano. Kisha wajukuu wakamwonyesha jinsi ya kutafuta majina katika intaneti kwa simu, na tangu siku hiyo taa ya chumba chake haikuzimwa kabla ya saa nane za usiku. Kila alipoliona jina kama lake, moyo ulimruka. "Huyu ni wetu!" Asubuhi hupanda matatu kwenda kumwuliza mtu asiyemjua, katika wilaya asiyoijua. Jioni hurudi amechoka, bila jibu, lakini na majina mengine matatu ya kufuata.

Kwa nini jambo hili linamnasa mtu hivyo? Tulitazame vizuri, kwa maana mtego unaojulikana hauna nguvu sana.

Sababu moja ni hesabu yenyewe. Kila mtu ana wazazi wawili. Ana babu na bibi wanne. Wazazi wa hao ni wanane, na wa nyuma yao kumi na sita. Ukirudi nyuma vizazi kumi, nafasi zimefika 1,024. Ukimpata mmoja, hujamaliza kazi. Umejipatia wawili wengine wa kutafuta. Ni kama mtu achotaye maji kwa kikapu: kazi ipo daima, na mtungi haujai.

Sababu nyingine ni majina yetu wenyewe. Mtu mwenye jina la pekee hutafuta kidogo, akapata au akakosa, akapumzika. Lakini mwenye jina la watu wengi hakosi kamwe. Daima yuko mwingine. Ni kama mvuvi ambaye kila akitupa ndoana huguswa na samaki mdogo. Samaki hamvuti, lakini ule mguso wamfanya akae ufuoni mpaka giza linaingia.

Hebu tufikiri. Kwa Waluo, Otieno ni mtoto aliyezaliwa usiku, Onyango ni wa asubuhi jua likiwa limepanda, Ochieng' ni wa jua kali, Odhiambo ni wa jioni, na Okoth ni wa mvua. Kwa Wabukusu, Wafula ni wa mvua na Wekesa ni wa mavuno. Kwa Wakalenjin, Kiprop ni wa mvua vilevile. Basi akina Otieno wawili wakikutana Nairobi, jina lao lashuhudia nini? Lashuhudia kwamba usiku huingia Siaya, na usiku huingia Homa Bay. Halishuhudii kwamba baba zao walikula chungu kimoja.

Kwa Wakikuyu iko njia nyingine. Mwana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili jina la babu mzaa mama. Ni desturi nzuri, kwa kuwa mzee hurudi katika mjukuu. Lakini tazama litokealo. Mzee Njoroge akiwa na wana watano, kila mmoja wao atamwita mwanawe wa kwanza Njoroge. Tayari katika mlima mmoja wako akina Njoroge watano walio wajukuu wa mtu mmoja, bila kuwahesabu wa jirani. Mpaka zama za wakoloni mtu alijulikana kwa jina lake na la baba yake, kwa mbari yake na kwa rika lake. Ndipo serikali ilipoleta kipande, sheria yake ikiwa imepitishwa mwaka 1915 na kuanza kutumika kwa nguvu baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Karani aliandika alivyosikia, na mara nyingi hakusikia vizuri. Misheni nazo zilitupa majina ya ubatizo, na hayo pia yalikuwa machache: Yohana, Petro, Stefano, Mariamu, Marita. Fungua leo kitabu cha zamani cha ubatizo katika kanisa lo lote la kale, utawaona akina Yohana wamefuatana kama kunguru juu ya waya.

Jambo hili si letu peke yetu. Nchi ya Wales, kule Uingereza, imejaa akina Jones, Williams, Davies na Evans. Zamani Mwelshi naye alijulikana kwa jina la baba yake, kama sisi. Majina yalipofanywa kuwa ya kudumu, wana wote wa akina John wakawa Jones, ingawa hawakuwa na undugu. Ndiyo sababu vijijini waliwatofautisha kwa kazi zao: huyu ni Jones wa maziwa, yule ni Jones wa mikate. Na Marekani wako watu weusi wengi waitwao Williams, Johnson na Washington. Wakitafuta babu zao hufika mwaka 1870, kwa maana hesabu ya watu ya mwaka huo ndiyo ya kwanza iliyowaandika kwa majina watumwa waliofunguliwa. Katika vitabu vya watumwa vya mwaka 1850 na 1860, wengi wao waliandikwa umri tu, na kama ni mume au mke, na rangi ya ngozi. Jina liliandikwa la bwana aliyewamiliki. Hebu fikiri machungu ya mtu afikaye kwenye ukurasa ule.

Lakini hatuhitaji kuvuka bahari ili kuyaona machungu hayo. Twendeni Mombasa, ng'ambo ya Nyali, penye kengele ya Frere Town, mahali paitwapo Kengeleni mpaka leo. Chama cha misheni cha CMS kilianzisha makao hayo katika miaka ya 1874 na 1875, kwa ajili ya watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Kabla yao walikuwako ndugu zao waliokuwa wamepelekwa India wakiwa watoto, wakalelewa na wamisionari huko Sharanpur, karibu na Nasik. Mwaka 1864 baadhi yao walirudishwa Afrika, wakaja Rabai kusaidia kazi ya Injili. Miongoni mwao walikuwa George David, Ishmael Semler, na William Jones.

William Jones! Sasa mchukue mtafutaji wetu wa majina, umpe jina hilo. Atakwenda Wales, akute maelfu ya akina Jones, akeshe nao mwaka mzima, wala hatamkaribia mtu huyu hata hatua moja. Jina lile alipewa tu. Jina alilopewa na mama yake lilibaki nyuma, katika njia ya watumwa.

Lakini je, Mungu alimpoteza? La hasha. Mwaka 1885 Askofu James Hannington aliwawekea mikono Jones na Semler kuwa mashemasi. Mwaka huohuo Jones alifuatana na askofu katika safari ya kwenda Uganda kwa njia ya nchi ya Wamaasai. Askofu alimwacha na sehemu kubwa ya msafara huko tupaitapo sasa Mumias, akaendelea mbele na watu wachache, akauawa Busoga mwezi wa Oktoba. Ni Jones aliyewaongoza wabebaji waliobaki, wenye njaa na huzuni, mpaka wakafika tena pwani mapema mwaka 1886. Watu wale hawakumwuliza babu yake alikuwa nani. Walimwuliza maji yako wapi, na kesho tutalala wapi. Na hayo ndiyo yaliyofanya jina lake likumbukwe katika Kanisa letu.

Basi, ndugu msikilizaji, ziko hatari tatu twapenda kuwaonya.

Hatari ya kwanza ni kujidanganya. Mtu aliyetafuta sana hutamani kupata, na atamaniye kupata hupata hata kisichokuwapo. Huona jina kama lake katika habari za chifu wa zamani, akasema, "Sisi ni wa nyumba ya chifu." Hatujaona mtu akikesha ili ajitafutie babu mwizi wa mbuzi. Torati yatufundisha kwamba neno lithibitike kwa mashahidi wawili au watatu. Jina ni shahidi mmoja tu, tena shahidi dhaifu. Uliza pia mahali: aliishi kijiji gani, alibatizwa kanisa gani? Uliza na wakati: alitahiriwa na rika gani, njaa ipi ilimkuta akiwa mtoto? Jina, mahali na wakati vikipatana, andika kwa wino. Visipopatana, andika kwa penseli, au usiandike.

Hatari ya pili ni kuwasahau akina mama. Anayefuata jina la baba peke yake hufuata uzi mmoja katika nguo nzima. Katika wale wazazi wanane wa babu na bibi zako, jina la ukoo wa baba yako lakupeleka kwa mmoja tu. Wale saba wengine je? Wanne kati ya wanane walikuwa wanawake, waliokubeba mimba, waliolima, waliozika watoto, na mara nyingi hakuna karani aliyeuliza wanaitwaje. Mathayo hakufanya hivyo. Katika orodha yake ya wafalme amewataja Tamari, Rahabu, Ruthu, na yule aliyekuwa mke wa Uria. Wengine ni wageni, na wengine habari zao zatuaibisha kuzisoma. Roho Mtakatifu hakuzifuta.

Hatari ya tatu ni kubwa kuliko hizo. Ni kuwapenda wafu kwa kuwanyima walio hai. Tulianza kuwaambia habari za yule mwalimu. Siku moja alikwenda kwa kaka yake mkubwa, mjane mgonjwa aliyekaa peke yake ng'ambo ya mto. Alikuwa hajamwona kwa miezi mingi. Aliketi, akafungua daftari, akamwuliza jina la babu ya bibi yao. Mzee yule alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Ndugu yangu, waniuliza habari za waliokufa. Mimi niliye hai hujaniuliza nimekula nini." Mwalimu alitazama jikoni, akaona mafiga yamepoa. Hakukuwa na unga nyumbani mle. Alikuja na kalamu, hakuja na chakula.

Tunamshukuru Mungu kwamba mwalimu alikuwa na masikio. Alifunga daftari, akaenda dukani. Juma lile alitafuta gari, akampeleka kaka yake kwa daktari. Na tukuambie jambo la ajabu: jioni zile alipoketi naye akimpikia uji, bila kuuliza neno, kaka yake alianza mwenyewe kusimulia habari za wazee ambazo hazimo katika intaneti wala katika kitabu cho chote. Twajua, basi, kwamba asemaye hampendi mtu aliye mbele yake, bali ampenda babu asiyemwona, anajidanganya. Mtume Yohana alisema neno linalofanana na hilo kuhusu ndugu na Mungu.

Sasa tuseme na wewe ambaye umenyamaza tangu tulipoanza. Labda ulilelewa katika nyumba ya watoto, na jina ulilo nalo ni la yule aliyekuokota. Labda mama yako hakukuambia baba yako ni nani, na amelala kaburini na siri yake. Kila unapojaza fomu, pale palipoandikwa "Jina la baba," mkono wako hutetemeka. Wengine wetu tunatafuta nasaba kwa burudani, lakini wewe unatafuta kama mwenye kiu. Hatukucheki, wala hatukuambii uache. Ikiwa iko njia ya haki ya kujua, tafuta, na kanisa likusaidie. Vitabu vya ubatizo ni vyako pia. Mwombe pasta wako akufungulie. Siku hizi viko na vipimo vya DNA, navyo husema kweli nyingi. Lakini kabla ya kupima, keti na mtu mwenye busara, maana jibu likitoka halirudi.

Lakini lisipopatikana jibu, je? Katika kitabu cha Ezra sura ya pili wako makuhani waliotafuta majina yao katika orodha za vizazi wasiyaone, wakaondolewa katika kazi. Huo ndio mlango wa nasaba: aliye na hati huingia, asiye na hati hubaki nje. Kisha funua Waebrania sura ya saba. Humo twamwona Melkizedeki, ambaye baba yake, mama yake na vizazi vyake havikutajwa, na ni kwa mfano wake Kristo amekuwa Kuhani wa milele. Mlango wa Kristo ni mwingine. Ndugu, ukurasa wako mtupu haukufungii nje ya mlango huo.

Mwisho, na tulifikiri jina la Yesu mwenyewe. Sisi tumezoea kulisikia kama jina la pekee, lakini Nazareti lilikuwa jina la kawaida kabisa. Ni jina lilelile la Yoshua. Katika Wakolosai sura ya nne Paulo ataja mwenzake aitwaye Yesu, yaani Yusto. Na katika Matendo sura ya kumi na tatu yuko mchawi aitwaye Bar-Yesu. Ndiyo maana watu walisema Yesu wa Nazareti, kama sisi tusemavyo Kamau wa dukani. Mwana wa Mungu aliposhuka hakujichagulia jina la kujitenga. Alikubali jina ambalo karani angelichanganya na la mwingine.

Tena walimzunguka watu wenye majina ya kufanana. Simoni wawili katika wanafunzi wake kumi na wawili, Yakobo wawili, Yuda wawili. Hata Yohana alilazimika kueleza kwamba Yuda aliyesema siye Iskariote. Na Mariamu walikuwa wengi, hata wasomaji wa Biblia hubishana mpaka leo ni yupi alifanya nini.

Basi asubuhi ya Pasaka, mmoja wa hao Mariamu amesimama nje ya kaburi akilia. Anamtafuta aliyekufa. Anauliza mwili umewekwa wapi, naye adhani aliye mbele yake ni mtunza bustani. Yesu hakumsomea nasaba yake. Alimwita kwa jina lake tu, jina lilelile la mama yake Yesu na la wanawake wengi wa Uyahudi. Na Mariamu akageuka. Alijua kwamba safari hii hakuitwa Mariamu mwingine.

Hivyo ndivyo Mchungaji Mwema awaitavyo kondoo wake. Otieno wako maelfu, Wanjiru wako maelfu, na Jones wako maelfu. Yeye hawachanganyi. Aliwaambia wanafunzi wake wafurahi, si kwa sababu pepo waliwatii, bali kwa sababu majina yao yameandikwa mbinguni. Na katika kitabu kile hakuna karani aliyesikia vibaya.

Juma hili, ndugu msikilizaji, twakupa kazi moja. Ikiwa unaandika habari za jamaa yako, endelea kuandika, lakini weka saa ya kufunga daftari. Na kabla ya kuandika jina jingine la aliyekufa, mtembelee mmoja wa jamaa yako aliye hai ambaye hujamwona siku nyingi. Usiende mikono mitupu, wala usimwulize neno mpaka umwulize hali yake.

Tuombe. Ee Bwana, Wewe watujua kabla hatujapewa majina. Uwafariji wasiomjua baba wala mama yao. Utuokoe katika kiburi cha ukoo na katika aibu ya ukoo. Utufundishe kuwaheshimu waliolala, na kuwahudumia walio hai, mpaka siku ile utakapotuita kila mtu kwa jina lake. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.